Mshono na Ribiti

Dada yangu anaishi Perth, magharibi mwa Australia, na huu ni mwaka wake wa 22. Alipostaafu uuguzi, yeye na shemeji waliazimia jambo ambalo wastaafu wengi wa nchi ile huliota: kuizunguka Australia yote kwa gari, pole pole, mwaka mzima au zaidi. Barabara Kuu Namba 1, inayoizunguka nchi karibu na pwani, ina urefu wa kilomita 14,500 hivi, na hapo hujahesabu njia za vumbi zinazochepuka kuingia bara. Gari walikuwa nalo, Toyota Land Cruiser. Walichokosa ni nyumba ya kufunga nyuma yake. Shemeji alitaka karavani. Dada alitaka trela la hema. Nilipokwenda kuwatembelea niliwakuta wamekwama hapo mwezi wa nne, kila mmoja na daftari lake la hoja.

"Mdogo wangu," dada akaniambia hata chai sijaimaliza, "wewe ndiye uliyekulia kwa mjomba Nungwi. Kesho tunakwenda kutazama. Macho yako nayaamini kuliko maneno ya muuzaji."

Mjomba alikuwa fundi wa majahazi kule Nungwi, kijiji cha pwani. Maisha yake yote hakuona karavani hata moja. Lakini nilimwelewa dada. Mjomba akiletewa chombo kibovu hakuanza kutazama omo wala tezi, wala hakuuliza kimebeba shehena ngapi. Alipiga magoti ufukweni akapitisha ukucha kwenye maungo, ubao mmoja hadi mwingine, akisikiliza. Mbao, alikuwa akituambia, haziozi katikati. Huoza pale zinapokutana. Nami nimebaki na tabia hiyo. Nikiingia chumba kipya huwa natazama pembe.

Kwa asiyewahi kuziona: karavani ni nyumba yenye kuta ngumu juu ya magurudumu. Ina kitanda, jiko, meza, friji, mara nyingi choo na bafu. Ukifika unashusha miguu ya kuiegemeza, unafungua mlango, umekwisha kuwa nyumbani. Trela la hema ni sanduku la chuma linalokufika kiunoni au kifuani, na hema zima limekunjwa juu yake. Ukifika unafungua komeo, unavuta, mbavu za chuma zinasimama na turubai linatanuka mpaka sanduku linageuka chumba. Jiko huvutwa kama droo kutoka ubavuni au nyuma, na unapika ukiwa nje, upepo ukikupenda au usikupende. Karavani ya watu wawili, ikiwa tupu, mara nyingi huwa karibu kilo 2,000 na huenda ikafika 3,000. Trela la hema huwa nusu ya hapo au pungufu.

Wauzaji huanza kwa kukuonyesha kitanda. Tulitembelea yadi tatu, na katika zote tatu tulikaribishwa kulala chali ili tuonje godoro. Shemeji alilala, akaridhika. Mimi nilikuwa chini, nimelalia kipande cha boksi, natazama chesisi.

Niseme kwa nini chini. Nyumba ya kawaida haitikiswi, na tetemeko la ardhi likiitikisa mara moja, watu huhama. Nyumba hizi hutikiswa kila siku kwa saa nne au tano, na Australia ina barabara za kuwatia adabu mafundi. Gibb River Road, kaskazini magharibi, ina kilomita 660 hivi, na sehemu kubwa yake ni changarawe iliyojikunja kama bati la mgongo. Mikunjo ile hakuna aliyeichonga. Gurudumu hugonga kijiwe, huruka kidogo, likitua hukandamiza udongo na kusukuma mchanga mbele. Gari linalofuata huruka palepale. Baada ya magari elfu, njia nzima imekuwa mawimbi. Ukipita juu yake kila msumari unatikiswa mara nyingi kwa kila sekunde. Skrubu hujifungua zenyewe. Shokapu hupata moto hadi madereva wenye busara husimama kuziachia zipoe. Mtu hupunguza upepo wa tairi ili mpira wenyewe ubebe sehemu ya kipigo, na bado jioni akifungua kabati anakuta bati la maharage limesagana na jirani yake hadi karatasi imebanduka.

Kwa hiyo swali la kwanza la fundi ni hili: kiungo hiki nikikaze kisicheze kabisa, au nikiache kicheze bila kuumia? Karavani imejibu upande mmoja, trela la hema upande wa pili, na kazi zote mbili zina watu walioumiza vichwa kwa vizazi.

Jibu la karavani ni la zamani kuliko gari la moshi la Mombasa. Neno lenyewe ni la Kiajemi na maana yake ni msafara, ule ule tunaoujua wa watu na mizigo yao. Mwaka 1885 daktari mstaafu wa jeshi la majini la Uingereza, William Gordon Stables, aliagiza kiwanda cha mabehewa cha Bristol kimjengee nyumba ya starehe ya kuvutwa na farasi wawili. Aliiita The Wanderer. Ilikuwa ya mbao za mahogani na mepo, uzito wake kama tani mbili, na daktari alisafiri nayo hadi kaskazini mwa Uskoti pamoja na mbwa na kasuku, huku mtumishi wake akitangulia kwa baiskeli ya magurudumu matatu kuwaonya watu kwamba kitu kikubwa kinakuja. Hadi leo ipo, imetunzwa. Waliomjengea walikuwa mafundi wa mabehewa ya reli, na behewa ni kitu kinachojengwa na mtu anayejua kutikiswa ni nini: mbao imeingia ndani ya mbao, ulimi ndani ya tundu, haikuegemezwa tu na kupigwa msumari.

Kisha Wamarekani wakaiga ndege. Mwaka 1934 Hawley Bowlus, aliyeshiriki kuijenga ndege iliyomvusha Charles Lindbergh bahari ya Atlantiki, alitengeneza karavani ya bati la alumini lililoumuka kama yai. Mlango wake ulikuwa mbele kabisa, juu ya mkono wa kuvutia, ukitaka kuingia unaruka chuma. Wally Byam alichukua fikra hiyo, akahamishia mlango ubavuni, na mwaka 1936 akatoa Airstream Clipper. Hizo hushonwa kwa ribiti. Nimewahi kutazama kwa muda mrefu picha za sinema za kiwanda cha Airstream cha Jackson Center, Ohio, na sikuchoka. Wafanyakazi huwa wawili wawili. Mmoja yuko nje na nyundo ya upepo, mwenzake yuko ndani ameshika kipande cha chuma kizito. Ukuta uko kati yao, hawaonani. Wa nje anapiga, wa ndani anakaza chuma chake nyuma ya ribiti ili kichwa kitandazike sawasawa. Wa ndani akichelewa nusu sekunde, bati linabonyea na doa halitoki tena. Maelfu ya ribiti, na kila moja ni makubaliano ya watu wawili wasioonana. Mwishoni karavani nzima hupigwa maji kwa nguvu, na mtu huingia ndani kutafuta tone.

Uzuri wa ganda lile ni kwamba bati lenyewe limeshirikishwa kubeba mzigo. Pigo likiingia kwenye gurudumu halikai mahali pamoja. Husambaa kwenye ganda lote, kila ribiti ikichukua sehemu yake ndogo.

Byam hakuogopa kuijaribu kazi yake kwenye barabara zetu. Mwaka 1959 aliongoza karavani 41 kutoka Cape Town kuelekea Cairo, zikavutwa kupitia Kongo, Uganda, Kenya na Ethiopia, na mwaka 1960 zikafika Misri, zikapigwa picha zimejipanga duara karibu na piramidi. Kila nikiifikiria safari ile huwaza watu wa vijijini mwetu waliosimama kando ya njia, wakaona nyumba za fedha zinapita moja baada ya nyingine. Bila shaka wako wazee wanaokumbuka. Natamani kumpata mmoja.

Karavani nyingi za leo hazina ribiti za namna ile. Katika yadi za Perth tuliona aina tatu. Ya zamani ni kiunzi cha mbao kilichovikwa bati jembamba la alumini. Wapo wanaoicheka mbao, mimi siicheki. Mbao hujipinda na kurudi bila kuchoka, mradi iwe kavu. Ya pili ni kiunzi cha alumini iliyochomelewa. Ya tatu haina kiunzi kabisa: kuta ni tabaka mbili za faiba zilizogandishwa na povu gumu katikati, nyepesi, na viungo vyake hushikwa kwa gundi. Nilipitisha ukucha kwenye pembe zote. Kinachoziua si mtikisiko peke yake, ni maji yanayokuja nyuma ya mtikisiko. Njia mbovu hufungua ufa mwembamba kama unywele juu ya dirisha au penye tundu la hewa la paa. Miezi miwili baadaye mvua inaingia, inashuka ndani ya ukuta mahali usipopaona, na siku utakayoona doa la kahawia kwenye dari, ukuta umekwisha kulainika kama mkate.

Fundi mmoja mzee katika yadi ya tatu, aliponiona nimekaa juu ya ngazi nakagua paa, alipanda akaja kukaa karibu nami. Hakutaka kuuza kitu. Alinionyesha jinsi anavyopaka ulimbo wa kuzibia: haupaki juu ya kiungo kilichokwisha kufungwa, anaulaza kwanza katikati, ndipo anakaza skrubu mpaka ulimbo utoke kingo zote kwa usawa. Ukitoka upande mmoja tu, anafungua na kuanza upya. Akanionyesha pia kifuniko kidogo cha paa kinachoelekea mbele. Karavani ikienda, kifuniko hicho huchota hewa safi ya juu na kuisukuma ndani, hewa ya ndani inakuwa na msukumo kidogo kuzidi ya nje, na vumbi lililokuwa likinyonywa kupitia nyufa za mlango sasa linasukumwa litoke. Nilisimama pale kwa furaha. Miaka mingi watu waliziba nyufa wasizimalize, halafu mtu akawaza kuifanya nyumba ipumue kwa nje.

"Kila baada ya miezi michache," akasema, "mwenye nayo apande hapa, apitishe mkono kila mahali."

Shemeji alikuwa chini ya ngazi. Aliyasikia.

Trela la hema tulilitazama siku ya pili, kwenye karakana ndogo nje ya mji inayotengeneza machache kwa mwaka. Hapa jibu ni jingine: kuta hazigombani na mtikisiko kwa sababu safarini hakuna kuta. Hema limelala limekunjwa. Kinachotikiswa ni sanduku, mkono wa kuvutia na magurudumu, kwa hiyo ufundi wote wa chuma umekusanywa huko, na ni ufundi wa kuheshimiwa.

Mkono wa kuvutia, kwa mfano. Katika trela la bei ya chini mkono huishia mbele, umegusishwa kwenye chesisi na kuchomelewa hapohapo. Huku mikono miwili ilipita chini ya sanduku ikaendelea nyuma, ili kani isambae. Na fundi hakuchomelea kukata mgongo wa chuma kwa kukingama. Alichomelea ubavuni, kwa urefu, kwa sababu mchomeleo unaokingama ndipo ufa unapozaliwa. Alipohitaji kuongeza bamba la kuimarisha, alilikata umbo la almasi, lenye ncha mbele na nyuma, ili nguvu iingie taratibu na kutoka taratibu. Nilikumbuka Nungwi, jinsi mbao za jahazi hazikuungwa zote kwenye mstari mmoja, eti chombo kisije kikapata mahali pa kukatikia.

Magurudumu hayakushikwa na ekseli moja inayopita upande hadi upande. Kila gurudumu lina mkono wake unaofuata nyuma, springi yake ya mviringo na shokapu mbili. Gurudumu la kushoto likitumbukia shimoni, la kulia halina habari.

Lakini kilichoniweka pale hadi jioni ni turubai. Chumba cha ushonaji kilikuwa nyuma, na mama mmoja mwenye miwani alikuwa nyuma ya cherehani kubwa, turubai limemzunguka pande zote kama mtu aliyeketi ndani ya tanga lililoshushwa. Kitambaa chenyewe kimechanganywa na pamba. Cha paa ni kizito kuliko cha kuta. Kila mshono aliukunja: ukingo wa kipande hiki umeingia ndani ya ukingo wa kile, kama viganja viwili vilivyoshikana kwa vidole, kisha mistari miwili ya uzi. Ndivyo matanga yanavyoshonwa kwetu, nami nilimwambia. Akasimamisha cherehani.

Nikamuuliza matundu ya sindano. Mshono mmoja mrefu una matundu elfu na zaidi. Mvua ikinyesha usiku kucha kwa nini yasivuje? Akakata kipande cha uzi akanipa, akaniambia niukwangue kwa ukucha. Moyo wake ni poliesta, ndiyo yenye nguvu. Juu ya poliesta umevikwa pamba. Maji yakiufikia, pamba hunywa, huvimba, na kulijaza tundu lote la sindano. Hema jipya huvuja. Lazima ulimwagie maji mpaka lilowe kabisa, uliache likauke, umwage tena, likauke tena, mara tatu hivi, mpaka nyuzi zijifunze nafasi zao.

Nilishindwa kusema kwa muda. Mjomba aliziba maungo ya jahazi kwa pamba. Aliisokota, akaichovya mafuta, akaiingiza katikati ya mbao kwa patasi butu na nyundo, tundu kwa tundu, mlio wa kalafati ukisikika kijiji kizima tangu alfajiri. Chombo kikishushwa majini siku ya kwanza kilivuja, na hakuna aliyestuka. Kiliachwa kinywe. Mbao zikavimba, pamba ikavimba, kesho yake asubuhi ndani kukavu. Nimevuka bahari ya Hindi nikakuta mwanamke ambaye hajawahi kuona Nungwi anaitegemea pamba ile ile kwa kazi ile ile.

Sitaki mtu aniamini kwamba trela la hema lina maisha rahisi. Likikunjwa na unyevu na kuachwa siku chache, ukungu unaingia na hautoki. Zipu hujaa vumbi, husugua, hukatika meno. Upepo mkali usiku hukuamsha kukaza kamba na vigingi. Na kuna hesabu aliyoifanya dada kwenye daftari lake: wakilala siku mbili kila mahali, kwa mwaka watafungua na kukunja mara 180 hivi. Aina yenye sakafu ngumu hufunguka kwa dakika chache. Ile ya sakafu ya turubai, pamoja na kibaraza chake, huweza kula dakika 40. Zidisha mwenyewe.

Karavani nayo ina hesabu yake. Kuna uzito ilioruhusiwa kubeba, na maji ni kilo moja kwa kila lita; ukijaza matangi mawili ya lita 95 umekwisha kula kilo 190 kabla hujaweka sufuria. Mkono wake unatakiwa ulilalie gari kwa takriban asilimia 10 ya uzito wote, kwa hiyo vizito viwekwe chini na katikati, juu ya magurudumu. Ukijaza nyuma, siku moja ukiwa mwendo wa kasi mkia utaanza kuyumba, na mkia ukiyumba ndio unaoongoza gari.

Usiku ule, mezani, nilisema niliyokuwa nayo moyoni. Kwa safari ya mwaka mzima watu wengi inawafaa karavani, na nililisema hilo ingawa mapenzi yangu yalikuwa kwenye turubai. Mtu atakayekaa wiki tatu tatu karibu na lami, mwenye umri, anayetaka choo usiku bila kutafuta tochi, asijitese. Ila asinunue kitanda, anunue maungo. Na kila kimoja cha vyombo hivi humwachia mwenye nacho kazi ambayo fundi hakuweza kuimaliza: karavani inakuachia ukaguzi, trela linakuachia kukunja na kukausha. Nikawaambia wachague kazi, raha zitajichagua.

Dada alinyamaza. Njia zake zote kwenye ramani zilikuwa za vumbi, Gibb River ikiwa ya kwanza, lakini alikuwa amekwisha kujiandaa kushindwa. Shemeji aligeuza kikombe chake mara mbili.

"Kukunja naweza," akasema. "Nimefanya kazi ya mikono miaka 40. Lakini goti hili halinipandishi juu ya paa kila baada ya miezi mitatu. Na nisipopanda, itaoza nikiwa nimelala ndani yake." Akamtazama mkewe. "Mama, tuchukue la turubai. Lenye sakafu ngumu lakini."

Trela lilifika wiki moja kabla sijaondoka. Tulilifungua uani, likajaza nafasi yote hadi kwenye kamba ya nguo. Siku ya kwanza tulimwaga maji, na ndani matone yakashuka kando ya mishono, mstari mzima, kama shanga. Tukaliacha likauke juani. Siku ya pili yalishuka matatu, manne, penye pembe. Siku ya tatu dada aliingia ndani na tochi, akafunga zipu nyuma yake, akajilaza kitandani akitazama juu. Shemeji akafungua bomba, akaanza kwa adabu, mpira umeelekezwa pembeni.

Tulisubiri. Maji yalikuwa yakiteleza juu ya turubai na kudondoka kwenye majani.

"Mbona kimya?" nikaita. "Dada, linavuja?"

"Bado mnamwaga?" sauti ikatoka ndani. "Ongezeni maji!"